Feza ndogo ya mwisho: historia ya mashitaka juu ya tiketi za intaneti

Tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka 2016, watu karibu milioni 50 huko Marekani walikuta kitu kipya ndani ya akaunti zao za Ticketmaster, kampuni kubwa inayouza tiketi za muziki na za mpira kwa njia ya intaneti. Zilikuwa namba za punguzo. Namba ya kawaida ilikuwa na thamani ya dola 2.25, na mtu angeweza kuitumia tu akinunua tiketi nyingine kwa kampuni ileile.

Haikuwa zawadi. Ulikuwa mwisho wa kesi iliyofunguliwa mwaka 2003 mbele ya tribinali ya Los Angeles. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kesi ilipoanza alikuwa amekwisha maliza shule ya msingi siku zile namba zinatolewa. Walioshitaki walikuwa wamesema jambo moja rahisi: bei tuliyoonyeshwa mwanzoni si bei tuliyolipa mwishoni, na ile feza ya katikati ilipewa jina lisilo la kweli.

Leo mashitaka ya namna hiyo yanaendelea katika inchi nyingi, na sheria zimeanza kubadilika. Lakini kabla ya kufika hapo, watu walishindwa mara nyingi. Historia ya kushindwa kwao inafaa kujulikana, hata na mtu ambaye hajawahi kununua tiketi ya muziki kwa intaneti, sababu namna ya kukata feza ni ileile kila mahali.

Bei inayodondoka tone kwa tone

Kila mtu wa Goma, Bukavu au Bunia anayetuma feza kwa telefone anajua kwamba kuna feza inayotumwa na kuna feza inayofika mkononi. Kwa hiyo mtumaji mwenye huruma huongeza ile ya kutolea, ili mama au mdogo wake apate kiasi kamili. Hapo hakuna udanganyifu ikiwa kiasi cha kukatwa kimeandikwa wazi na pande zote mbili zinakijua mapema. Shida inaanza pale mtu anapojulishwa baada ya kuwa amekwisha amua.

Katika tiketi za intaneti mambo yanaenda hivi. Mtu anaona tiketi ya dola 50. Anachagua kiti. Anaandika jina lake, anwani, na namba ya kadi ya benki. Saa inaanza kuhesabu dakika mbele yake, ikimwambia kiti kitachukuliwa na mwingine kama akikawia. Kwenye ukurasa wa mwisho ndipo anaona ada ya huduma, ada ya kushughulikia oda, pengine ada ya jengo. Dola 50 zimekuwa 65. Wakati huo amekwisha ambia watoto kwamba wanaenda. Wengi hawarudi nyuma. Wanalipa, wakinungunika.

Wataalamu wa biashara wameita jambo hilo bei ya kudondoka, sababu inamfikia mnunuzi tone kwa tone. Kila tone ni dogo. Lakini wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni cha muuzaji.

Ada ilitoka wapi?

Ticketmaster ilizaliwa mwaka 1976 katika jimbo la Arizona. Wakati ule tiketi ziliuzwa mlangoni, au katika maduka yenye mashine. Mtu aliyenunua mbali na uwanja alilipa kidogo zaidi kwa ajili ya urahisi, na wengi waliona ni haki.

Mabadiliko makubwa yalifika baada ya mwaka 1982, wakati Fred Rosen aliposhika uongozi wa kampuni. Kabla yake, wauza tiketi walikuwa wakiwatoza wenye kumbi na viwanja feza kwa kazi ya kuuza. Rosen aligeuza mpango. Aliwaambia wenye kumbi: hamtalipa, bali mtalipwa. Ada itawekwa juu ya mnunuzi, na sehemu yake itarudi kwenu, mradi mtupe sisi peke yetu haki ya kuuza tiketi zenu kwa miaka kadhaa. Wenye kumbi wengi walikubali. Mwaka 1991 Ticketmaster ilinunua sehemu kubwa ya mali ya mshindani wake mkubwa, Ticketron.

Mpango huo unaeleza kwa nini ada ilikuwa ngumu kuipiga vita. Mnunuzi alimkasirikia muuza tiketi, lakini mwenye ukumbi naye alikuwa anakula sahani ileile. Aliyelipa hakuwa na mafasi kwenye meza pale mkataba unapoandikwa. Naye hangeweza kuenda kwa muuzaji mwingine, sababu kwa ukumbi ule muuzaji alikuwa mmoja tu.

Wanamuziki wanakataa

Watu wa kwanza kupiga kelele kubwa hawakuwa wanunuzi. Walikuwa wanamuziki wa kundi la Pearl Jam, kutoka mji wa Seattle. Mwaka 1994 walikuwa kati ya makundi yenye nguvu zaidi Marekani, na wapenzi wao wengi walikuwa vijana wasio na feza nyingi. Walitaka tiketi ya dola 18, na ada isiyopita dola 1.80. Hawakuelewana na Ticketmaster. Mwezi wa 5 wakapeleka malalamiko kwa Wizara ya Sheria, wakisema kampuni moja imeshika soko lote.

Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1994, wawili kati yao, Stone Gossard na Jeff Ament, walikaa mbele ya kamati ya bunge na kutoa ushuhuda. Picha zao zilizunguka inchi nzima. Kundi lilijaribu pia kupanga maonyesho katika viwanja visivyokuwa na mkataba na Ticketmaster, na hapo likaona ugumu wa kupata pahali pazuri penye usalama. Tarehe 5 mwezi wa 7 mwaka 1995, Wizara ya Sheria ilitangaza kwamba imefunga uchunguzi wake. Ada zikabaki.

Wanunuzi nao walijaribu njia yao. Walienda mbele ya tribinali wakisema kwamba Ticketmaster inatumia nguvu ya soko kuwatoza kupita kiasi. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Campos dhidi ya Ticketmaster. Mwaka 1998 tribinali ya rufaa ikawafungia mlango walipodai kurudishiwa feza, na sababu yake ni ya kushangaza kwa mtu asiye avoka: wanunuzi hao, ilisema, si wanunuzi wa moja kwa moja.

Mfano wa sokoni unaweza kusaidia kuelewa. Kiwanda kinamuuzia mwenye duka gunia la unga kwa bei isiyo halali, na mwenye duka anamuuzia mama kilo moja moja. Sheria ya ushindani ya Marekani, kama ilivyoelezwa na Tribinali Kuu ya inchi hiyo mwaka 1977, inasema aliyedhulumiwa na mwenye haki ya kudai fidia ni mwenye duka, kwani yeye ndiye aliyenunua kwa kiwanda. Mama ni wa pili. Katika habari ya tiketi, majaji wengi waliona kwamba wenye kumbi ndio walionunua kazi ya kuuza tiketi kutoka kwa Ticketmaster. Mpenzi wa muziki alikuwa wa pili, ingawa feza ilitoka mfukoni mwake. Na wenye kumbi, waliokuwa wakipata sehemu yao, hawakuwa na haraka ya kushitaki.

Mashitaka ya mwaka 2003

Hapo avoka wakabadilisha swali. Badala ya kuuliza kama ada ni kubwa mno, au kama kampuni imeshika soko lote, waliuliza kama jina la ada ni la kweli. Badiliko hilo lilionekana dogo, lakini ndilo lililofungua njia.

Kufika wakati huo, intaneti ilikuwa imekwisha badilisha biashara. Ticketmaster ilianza kuuza tiketi kwenye intaneti mwaka 1996, na miaka michache baadaye mamilioni ya watu walikuwa wakinunua nyumbani. Kwenye malipo yao kulikuwa na ada ya kushughulikia oda. Mtu wa kawaida akisoma maneno hayo anafikiri kwamba hiyo ni gharama ya kazi: kupokea oda, kuitengeneza, kuituma. Wale waliotaka tiketi ifike haraka walilipa pia ada ya kupelekewa na UPS, wakifikiri feza hiyo inaenda kwa UPS.

Mwezi wa 10 mwaka 2003, wanunuzi wawili walifungua mashitaka kwa niaba yao na ya wengine wote waliolipa kama wao. Walisema ada ya oda haikulingana na gharama yoyote ya kushughulikia oda, bali ilikuwa faida tupu. Na walisema kampuni ilikuwa ikitoza kwa ajili ya UPS zaidi ya kile UPS yenyewe ilichopokea. Ticketmaster ilikana kwamba imefanya kosa, na haikukubali kosa hata siku ya mwisho.

Kushitaki kwa pamoja ni chombo chenye nguvu katika sheria ya Marekani. Hakuna mtu mwenye akili atakayemlipa avoka dola mia kadhaa kwa saa ili arudishiwe dola 3. Kwa hiyo dhuluma ndogo haina mshitaki. Lakini wadhulumiwa mamilioni wakihesabiwa kama mtu mmoja, ile dola 3 inakuwa mamilioni, na avoka anakubali kufanya kazi akitegemea kulipwa mwishoni. Kazi ngumu ni kumshawishi jaji kwamba watu hao wote wamepata jeraha moja. Hiyo peke yake ilichukua miaka. Kwanza tribinali ilikubali kundi la watu wa California tu, mwaka 2010, kisha kundi la inchi nzima.

Mwaka 2011 pande mbili zilileta makubaliano: kila oda ingepata punguzo la dola 1.50. Jaji alikataa kuyapitisha. Walirudi tena mezani, na makubaliano mapya yalipitishwa mwaka 2015. Yaliwahusu watu walionunua kwenye intaneti kati ya tarehe 21 mwezi wa 10 mwaka 1999 na tarehe 27 mwezi wa 2 mwaka 2013. Kila oda ilipata namba ya dola 2.25, bila kupita namba 17 kwa mtu mmoja. Aliyelipa UPS alipata namba ya dola 5. Na kama punguzo lililotumika kwa mwaka halifiki dola milioni 10.5, kampuni ingeongeza tiketi za bure hadi kiasi hicho kitimie, kwa muda wa miaka 4. Kwa jumla, angalau dola milioni 42.

Mwezi wa 6 mwaka 2016 watu waliingia kwa wingi kwenye tovuti kutafuta tiketi zao za bure. Walikuta kwamba si kila onyesho linakubali. Maonyesho yaliyokuwa kwenye orodha yalikuwa machache, mengi mbali na pale wanapoishi, na tiketi zilichukuliwa upesi. Malalamiko yalijaa, na kampuni ikalazimika kuongeza maonyesho mengine.

Avoka walilipwa kwa feza. Walioshitakiwa walibaki na wateja wao, tena wateja wenye punguzo mkononi linalowavuta kununua tena. Mnunuzi alipata dola 2.25, ikiwa atanunua tiketi mpya na kulipia ada mpya. Je, huo ulikuwa ushindi? Watu wengi walisema hapana. Lakini kesi hiyo ilifanya kazi moja ambayo Pearl Jam na kesi ya 1998 hazikuweza: ilionyesha kwamba maneno yaliyo karibu na bei yanaweza kumpeleka muuzaji mbele ya jaji.

Kwa nini muuzaji mwaminifu anapata hasara

Wengine wanauliza: kwa nini kampuni moja isiamue tu kuonyesha bei kamili, na kuwavuta wateja kwa uaminifu wake? Ilijaribiwa.

StubHub ni tovuti ya Marekani ambako watu wanauziana tiketi walizokwisha nunua. Mwanzoni mwa mwaka 2014 iliamua kuonyesha bei yote tangu ukurasa wa kwanza. Mwezi wa 8 mwaka 2015 ikafanya jaribio. Nusu ya wageni wa tovuti waliendelea kuona bei kamili. Nusu nyingine walionyeshwa bei bila ada hadi ukurasa wa mwisho wa kulipa. Wataalamu wa uchumi walichunguza matokeo, wakayatoa katika jarida la kisayansi mwaka 2021.

Waliofichwa ada walitumia feza karibu asilimia 20 zaidi. Walinunua mara nyingi zaidi, tena walichagua viti vya bei ya juu zaidi. Si watu wajinga. Baadhi yao walikuwa wamenunua tiketi zamani na walijua ada ipo. Lakini mtu akikwisha shika kitu moyoni, ni vigumu kukiacha. Baada ya jaribio, mwezi wa 9 mwaka 2015, StubHub ilirudi kwenye njia ya kuficha. Mwaka 2024 mwanasheria mkuu wa mji wa Washington aliishitaki kampuni hiyo kwa sababu ya njia hiyohiyo.

Jaribio hilo linaeleza kwa nini kuomba uungwana hakutoshi. Kama jirani yako sokoni anaandika kilo ni franga 2,000 halafu anaongeza 500 mwishoni, na wewe unaandika 2,500 tangu mwanzo, wapita njia watasimama kwake. Mwaminifu anafunga duka. Sheria tu ndiyo inaweza kuwalazimisha wote waandike bei moja siku moja.

Ulaya: ndege zinatangulia

Kwa upande wa ndege, Ulaya ilitangulia. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1008 ya mwaka 2008 inasema kwamba bei ya mwisho ya tiketi, pamoja na kodi na ada zote zisizoepukika, lazima ionyeshwe wakati wote. Inahusu safari zinazotoka katika uwanja wa ndege wa inchi za Umoja huo. Kwa hiyo inamgusa pia Mkongomani wa Brussels anayenunua tiketi ya kuja Kinshasa kuzika mzazi wake.

Sheria kwenye karatasi haikutosha. Ilibidi mtu aipeleke mbele ya majaji, na huko Ujerumani aliyefanya hivyo ni shirikisho la vyama vya kutetea wanunuzi. Halikungoja mnunuzi mmoja mmoja alete malalamiko yake. Lina haki ya kushitaki lenyewe. Tarehe 19 mwezi wa 7 mwaka 2012, Tribinali ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya tovuti ya ebookers. Tovuti hiyo ilikuwa ikiongeza bima ya safari katika hesabu ya mteja bila kuulizwa, na mteja asiyeitaka alipaswa kuitoa mwenyewe. Majaji walisema njia hiyo hairuhusiwi: kitu cha hiari lazima mteja akichague kwa mkono wake, hata kama kinauzwa na kampuni nyingine.

Tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka 2015 ikafika kesi ya Air Berlin. Kampuni hiyo ilionyesha orodha ya ndege na bei, lakini bei ya mwisho ilionekana tu kwa safari ambayo mteja amekwisha chagua. Majaji walijibu kwamba bei kamili iwe kwa kila safari iliyo kwenye orodha, tangu mara ya kwanza bei inapoonekana. Sababu yao ilikuwa wazi: bila hivyo, mteja hawezi kulinganisha bei za kampuni mbalimbali.

Huko Australia, tume ya kutetea wanunuzi ilishitaki makampuni ya ndege ya Jetstar na Virgin Australia mwaka 2014, kwa sababu ada ya kulipia kwa kadi ilijitokeza mwishoni. Mwaka 2017 Jetstar iliamriwa kulipa faini ya dola za Australia 545,000, na Virgin 200,000.

Kanada: dola moja na nusu

Kesi iliyo rahisi kuliko zote kuieleza ni ya Kanada. Jimbo la Québec, ambako Wakongomani wengi wameanza maisha mapya, lilikuwa limekwisha kataza bei ya vipande tangu mwaka 2010. Mwaka 2019 Ticketmaster ilikubali kulipa dola za Kanada milioni 4.5 baada ya Ofisi ya Ushindani ya inchi hiyo kusema kwamba ada zake ziliongeza mara nyingi zaidi ya asilimia 20 juu ya bei iliyotangazwa, na mara nyingine zaidi ya asilimia 65.

Mwezi wa 6 mwaka 2022, bunge la Kanada liliandika waziwazi katika sheria kwamba kuonyesha bei isiyoweza kupatikana, kwa sababu ya ada za lazima, ni udanganyifu. Mwezi uleule, kampuni kubwa ya majumba ya sinema, Cineplex, ilianza kutoza hadi dola 1.50 kwa kila tiketi inayonunuliwa kwa intaneti. Ofisi ya Ushindani ikaishitaki mwezi wa 5 mwaka 2023.

Cineplex ilijitetea kwamba ada haikufichwa, iliandikwa, na aliyenunua mlangoni hakuilipa. Majaji waliangalia ukurasa wenyewe. Mnunuzi aliona bei ya tiketi, kisha kifungo cha kuendelea. Maelezo ya ada yalikuwa chini, pahali mtu asipofika kama hateremshi ukurasa kwa kidole. Tarehe 23 mwezi wa 9 mwaka 2024, Tribinali ya Ushindani iliamua kwamba hiyo ni bei ya kudondoka.

Kisha ikahesabu. Ile dola moja na nusu, ikikusanywa tangu mwezi wa 6 mwaka 2022 hadi mwisho wa 2023, ilikuwa imefika karibu dola za Kanada milioni 39. Faini ikawekwa kwa kiasi hichohicho. Cineplex ilikata rufaa.

Lakini faini hiyo inaenda katika sanduku la serikali. Mzee aliyelipa dola 3 kuwapeleka wajukuu wake wawili sinema haipokei. Marekani walirudishiwa namba za punguzo. Kanada feza ilitolewa kwa mdanganyifu, isirudi kwa mdanganywa.

Sheria ya mwaka 2025

Kelele ziliendelea. Mwaka 2010 Ticketmaster iliungana na Live Nation, kampuni kubwa ya kupanga maonyesho, na nguvu yao ikazidi. Jimbo la New York lilidai bei kamili kwa tiketi tangu mwezi wa 8 mwaka 2022, na California ikaweka sheria pana tangu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2024.

Mwisho, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza sheria ya inchi nzima mwezi wa 12 mwaka 2024. Ilianza kutumika tarehe 12 mwezi wa 5 mwaka 2025, kwa tiketi za maonyesho na kwa nyumba za kulala wageni. Anayetangaza bei lazima atangaze jumla ya ada zote za lazima, na jumla hiyo ionekane zaidi kuliko hesabu nyingine. Jina la ada lisidanganye juu ya kazi yake. Hapo unasikia sauti ya mashitaka ya mwaka 2003: ndilo jambo ambalo wanunuzi wawili walisema Los Angeles, miaka zaidi ya 20 kabla.

Sheria hiyo haikupunguza ada hata senti moja. Kampuni ingali huru kutoza inachotaka. Kilichokatazwa ni kumfikisha mtu mlangoni kwa bei moja na kumwingiza kwa nyingine. Ni kidogo, lakini mtu anayejua bei yote mapema anaweza kukataa, na uwezo wa kukataa ndio nguvu ya pekee ambayo mnunuzi mdogo anayo.

Kwa mtu wa kwetu

Kongo nayo ina sheria juu ya uhuru wa bei na ushindani, ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2018, na ina sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inayogusa pia biashara ya intaneti. Lakini historia ya inchi nyingine inaonyesha kwamba sheria bila mshitaki inalala. Ujerumani ilihitaji vyama vya wanunuzi. Kanada ilihitaji ofisi ya serikali. Marekani ilihitaji avoka waliovumilia zaidi ya miaka 12.

Familia iliyokimbia vita haina muda wa kungoja miaka 12. Lakini inatuma feza, inapokea feza, inanunua tiketi ya mashua au ya basi, na mara nyingine ina ndugu Kampala, Montréal au Texas anayenunua tiketi ya ndege. Kwa hawa wote, kesi hizo zinafundisha mambo machache ya mkono. Kuuliza jumla yote kabla ya kutoa jina na namba ya siri. Kulinganisha jumla kwa jumla, si bei ya tangazo kwa bei ya tangazo. Kupiga picha ya ukurasa wa kwanza wenye bei na ya ukurasa wa mwisho wa kulipa, au kutunza ujumbe wa telefone na karatasi ya malipo, kwani bila ushahidi wa bei ya mwanzo hakuna anayeweza kuonyesha kwamba imebadilika. Na kuwaambia wengine waliolipa kama wewe.

Hilo la mwisho ndilo lililoamua mambo kila mahali. Dola 1.50 ya mtu mmoja ilikuwa malalamiko ya nyumbani. Zilipohesabiwa pamoja, zilikuwa karibu milioni 39, na jaji akazisikia.